Nani Anakusanya Majibu

Siku yangu ya kwanza kazini nilifungiwa. Mzee Opio, mkuu wa chumba cha mitihani katika chuo chetu cha udaktari hapa Kampala, alinikaribisha ndani, akafunga mlango kwa ufunguo, na ufunguo akautia kwenye soksi.

"Karibu, Barasa," akasema. "Mpaka mtihani huu ufanywe, wewe na mimi ni wafungwa. Tofauti yetu na wale wa gereza la Luzira ni kwamba sisi tunaletewa chai."

Kisha akanionyesha mashine ya kuchapia stensili, na nikaanza kazi.

Ninayaandika haya kwa ajili yenu mlionirithi: yule wa Bunia, yule wa Kisumu, na yule wa hapa hapa Mengo. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya chumba chetu tangu enzi za Mzee Opio, aliyejifunza akiwa karani jeshini. Najua si wote mliipenda. Wa Mengo aliniambia wiki yake ya kwanza, "Mzee, ukinambia 'njoo hapa' kwa Kiswahili, kama askari wa kizuizi, mkono wangu unatafuta kitambulisho wenyewe." Alizoea. Vyeo na mishahara sitaviandika. Vyote viwili vilikuja vimechelewa, na havifundishi kitu.

Mzee Opio alikuwa na kanuni chache na hakuzipamba. Kila swali lilisomwa kwa sauti na mtu mmoja, huku mwingine akifuatisha kwa kidole kwenye nakala, hata nukta na mabano. Mwanzoni niliona ni upuuzi. Siku moja nikasoma kipimo cha dawa ya moyo, kidole chake kikasimama. Sifuri moja ilikuwa imezidi. Hakupandisha sauti.

"Hapa itamwua mgonjwa wa karatasi," akasema. "Mwanafunzi akiikariri, itamwua wa kweli."

Stensili zilizoharibika tulizichoma kwenye pipa nyuma ya jengo, tukingoja mpaka majivu yapoe. Wino ulituingia kwenye kucha. Nilipokwenda sokoni Kalerwe, wauza nyanya walidhani mimi ni fundi wa magari na kuniuliza habari za gia.

Kompyuta zilikuja kwa masanduku, zawadi ya marafiki wa chuo. Zilipangwa ofisini, zikafunikwa vitambaa vilivyodariziwa, na kwa muda mrefu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake: kufunikwa. Hakuna aliyenifundisha kuzitumia. Nilikuwa na elimu ya kidato cha nne kutoka Busia, upande wa Kenya, na cheti cha kupiga taipu. Saa za chai nilisoma vitabu vilivyokuja ndani ya masanduku, kamusi ikiwa pembeni. Ukurasa ambao sikuuelewa niliusoma tena kesho yake bila kumkasirikia mwandishi. Kufungua mashine nilijifunzia kwenye moja iliyokwisha kufa. Mgonjwa asiyeweza kufa mara ya pili ni mwalimu mpole sana. Nanyi nawashauri muanze na zilizokufa.

Mitihani ya kuandika haikuhamia kwenye kompyuta kwa sababu ya kupenda usasa. Ilihamia kwa sababu ya mwandiko. Madaktari wenu mnaowajua, wale ambao hata mfamasia huwapigia simu kuuliza wameandika nini, waliwahi kuwa wanafunzi, na mwandiko wao ulikuwa huo huo. Walimu walibeba mafurushi ya karatasi nyumbani na kuyarudisha yakiwa na alama za chai. Matokeo yalichelewa mpaka wanafunzi wakasahau walichoulizwa. Dakta Mugerwa, daktari wa watoto na mwenyekiti wa kamati ya mitihani, ndiye aliyesema basi. Alikuwa mtu mkavu, asiyecheka kabla ya kuthibitisha kwamba jambo linachekesha. Aliniita akaniuliza kama naweza kufunga chumba kizima cha kompyuta zinazozungumza na seva moja. Nikamwambia nitajaribu na chache kwanza. Akasema hilo ndilo jibu alilotaka.

Majaribio yale ya mwanzo nayakumbuka kwa furaha. Wanafunzi walikuja na kalamu, rula na vifutio, kana kwamba mashine ingebadili mawazo. Mmoja aliinua mkono kuuliza atafungia wapi kamba ya karatasi za nyongeza. Wengine waligonga vibao vya herufi kwa nguvu mpaka meza zikatembea. Tulijifunza kuweka sponji chini ya vibao, kupaka rangi nyaya za kila mstari, na kumpa kila mwanafunzi karatasi tupu ya kuchora anachofikiria, kwa sababu kuna watu ambao akili yao hukaa mkononi. Tulijifunza pia kwamba betri za akiba hudumu muda mfupi kuliko maandishi ya kwenye boksi. Zipimeni wenyewe, kila muhula.

Msimamizi mkuu wa mitihani alikuwa Sista Nalwoga, muuguzi mstaafu aliyewahi kutumika hospitali ya jeshi. Alivaa viatu vya turubai visivyotoa sauti. Muda ukiisha alisimama mbele na kusema mara moja tu, "Kalamu chini! Mikono juu!" Hapo chumba kizima kiliinua mikono, naye alipita mstari kwa mstari akikusanya karatasi. Aliyegusa kalamu baada ya amri ile, karatasi yake iliwekwa kando na jina lake likapelekwa kwenye kamati. Wanafunzi walimwita Afande wakidhani hajui.

"Najua," aliniambia. "Waache. Afande ni jina nzuri. Afande haibiwi mtihani."

Tulipohamia kwenye kompyuta alibaki na kazi yake ile ile, na maneno yake yale yale. Hakuna aliyeona tatizo, kwani halikuwa limeonekana bado.

Sasa niandike habari ya Furaha.

Furaha alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, mkimbizi kutoka Bukavu. Mama yake aliuza sombe, yaani kisamvu, na dagaa Kalerwe. Shule ya sekondari alisoma kwa Kifaransa, na Kiingereza chake, kama alivyosema mwenyewe, kilikuja kwa miguu. Wodini walimsifu. Kwenye mtihani wa kuandika wa magonjwa ya watoto aliishiwa muda, akafeli. Akarudia, akafeli kwa alama chache. Kanuni ya chuo ilitoa nafasi ya tatu, na baada ya hiyo hakuna nyingine: mtu anaondoka bila shahada. Alikuja chumbani kwetu wiki kadhaa kabla ya marudio, akaomba kompyuta mbovu yoyote ajizoeze kuandika haraka. Tulimpa moja yenye kibao kisichokuwa na herufi zilizosomeka. Yule wa Bunia akamtania: "Dada, ukiweza hiyo, hata gizani utatibu."

"Bunia mnatibu mchana?" Furaha akamjibu, akaendelea kugonga.

Siku ya mtihani, katikati ya muda, umeme ulikatika. Kaloli, mmoja wa wale ndege wakubwa wanaoishi majalalani mwetu, alikuwa ametua kwenye nyaya nje ya lango na kulipa gharama yake. Baadhi ya mashine zilishikwa na betri, nyingine zilizima mpaka jenereta ilipowaka. Tuliongeza muda kwa wote. Mimi niliuongeza kwenye seva, nikihesabu tangu mashine ya mwisho iliporudi. Sista Nalwoga aliuongeza kwenye saa yake ya mkononi, akihesabu tangu taa zilipozimika. Kila hesabu ilikuwa na mantiki yake, lakini ya Sista ilikwisha kwanza.

"Kalamu chini! Mikono juu!"

Mikono ikapanda. Hapa lazima mwelewe programu yetu ya wakati ule. Ilihifadhi kila neno lililoandikwa, lakini kama rasimu tu. Rasimu iligeuka kuwa jibu kwa njia mbili: mwanafunzi abonyeze "Wasilisha", au saa ya seva ifike mwisho mashine yake ikiwa imewaka. Waliokuwa na vidole vyepesi walibonyeza wakati amri bado iko hewani. Watiifu waliinua mikono wakangoja wakusanyiwe, kama walivyofundishwa tangu darasa la kwanza. Sista akapita mstari kwa mstari, mikono nyuma, hana cha kukusanya. Akasema simameni, tokeni. Na sisi, ili kubana dizeli ya jenereta, tukazima mashine.

Orodha ilipobandikwa mchana, wanafunzi kadhaa walikuwa na neno moja mbele ya namba zao: "Hakufanya". Wengine walikuwa na nafasi ya kurudia. Furaha hakuwa nayo.

Alikuja mlangoni akasimama, mkoba kifuani.

"Papa Barasa, pale ukutani wameandika mi sikufanya mtihani. Mi nilikaa pale mbele yako."

"Nilikuona, mwanangu. Ulibonyeza kuwasilisha?"

"Sista alisema mikono juu. Nikaweka mikono juu. Ningebonyeza na nini?"

Nikamwambia akae, nikaenda kumtafuta Sista. Nilimkuta akikunja vitambaa vya meza. Nilimweleza polepole jinsi programu inavyofanya kazi, naye akasikiliza mpaka mwisho bila kuacha kukunja.

"Kwa hiyo yule aliyeguza mashini baada ya mimi kusema, huyo amefanya mtihani," akasema.

"Ndiyo, Sista."

"Na yule alinisikia, hakufanya."

"Ndiyo."

"Banange, jamani," akasema, na akakaa juu ya meza. Sijapata kumwona akikaa juu ya meza kabla ya hapo wala baadaye.

Kamati ilikutana. Kikao kilikuwa cha Kiingereza, nami naandika nilivyoelewa. Walimu wawili walitaka Furaha aachiwe. Dakta Mugerwa alikataa kuanza na huruma. Alisema kanuni iko wazi, na kwamba ukikubali rasimu leo, kesho kila aliyefeli atadai ana rasimu mahali. Kisha akanigeukia.

"Bwana Barasa, nani ana nenosiri la seva?"

"Mimi, Daktari."

"Na nani mwingine?"

"Hakuna mwingine."

"Basi mtu akisema uliingia mchana ule ukamwandikia majibu, utamjibu nini?"

"Ninazo kumbukumbu za saa ambazo kila neno lilihifadhiwa."

"Saa hizo zinatunzwa wapi?"

"Kwenye seva."

Watu walicheka kidogo. Yeye hakucheka, nami sikukasirika. Swali lilikuwa la haki. Mtu aliyeshika ufunguo hawezi kuwa shahidi wa mlango. Kama Furaha angepona, haingekuwa kwa neno langu.

Sista Nalwoga aliomba nafasi. Hakuwa mjumbe, alikaa nyuma, karibu na birika.

"Mwenyekiti," akasema, "hawa watoto hawakuacha kuwasilisha. Mimi ndiye niliyewakataza. Miaka yote nimewaambia wanafunzi wenu kwamba anayegusa kalamu baada ya amri yangu ni mwizi. Mlinipa kazi ya kusema hivyo. Sasa mnataka nimwambie huyu binti, kwa sababu hukuwa mwizi, toka chuoni? Hayo maneno sitaweza kuyasema. Mtafuteni mwingine ayaseme."

Mjumbe mmoja akasema kwa upole kwamba hilo litaandikwa kwenye faili lake kama kasoro ya usimamizi, ya kwanza katika kazi yake yote.

"Liandikwe kwa herufi kubwa," akasema Sista. "Macho yangu yamechoka."

Dakta Mugerwa alifikiri, kisha akaagiza rasimu zote ambazo hazikuwasilishwa zionyeshwe ukutani, kwa namba, bila majina. Nilizifungua moja baada ya nyingine. Nyingi zilikuwa zimekamilika. Namba mojawapo ilikuwa imejibu yote ila swali la mwisho, ambalo ilikuwa bado inaliandika. Lilihusu mtoto aliyeletwa akiwa hajitambui, anahema kwa kina, midomo imekauka, sukari ikiwa juu mno. Mwanafunzi alikuwa ameutambua ugonjwa na kueleza vipimo. Kwenye matibabu alikuwa ameandika maneno ambayo kwa Kiswahili yangekuwa "Mtoto huyu apewe kwanza". Baada ya hapo palikuwa patupu. Hapakuwa hata na nukta.

Wote pale walikuwa madaktari isipokuwa Sista na mimi, na wote waliona ambacho nilielezwa baadaye: jibu zima lilisimama kwenye neno linalofuata. Kuna kitu sahihi cha kumpa mtoto yule kwanza, na kuna kitu kingine ambacho kikitangulia kinaweza kumwua.

"Mtu anayeandikiwa majibu kwa wizi," akasema Dakta Mugerwa, "haachiwi hapa."

"Labda ni ujanja," akasema mjumbe wa pembeni.

"Mjanja angepata alama kwanza, ndipo awe mjanja." Akavua miwani. "Huyu alisikia amri akainua mikono katikati ya sentensi. Nimefundisha miaka mingi. Mimi mwenyewe ningeongeza neno moja."

Uamuzi ulikuwa huu: rasimu zote zihesabiwe kuwa majibu, kama zilivyo, bila kuongezwa hata herufi. Zipelekwe kwa mtahini wa chuo kingine, kwa namba tu. Mwenye sentensi ile, na sote tulikwisha kujua ni Furaha, asiulizwe na yeyote kile alichotaka kuandika, mpaka matokeo yatoke. Na tangu siku ile nenosiri la seva ligawanywe nusu mbili, nusu kwangu na nusu kwa ofisi ya mwenyekiti. Hili la mwisho nililipokea kama mtu aliyepokewa mzigo.

Siku za kungoja Furaha alikuja chumbani kama kawaida, akafuta vumbi kwenye vibao. Alijua tumeona sentensi yake, nasi tulijua kwamba hatuwezi kuigusa. Tulizungumza habari za bei ya dagaa. Yule wa Bunia alikosa kabisa utani, jambo ambalo liliniogopesha kuliko yote.

Sista naye alikuja, na alikuja na kazi.

"Hiyo kitufe ya kuwasilisha," akaniambia, "iko kwa nani?"

"Iko kwa kila mwanafunzi, Sista."

"Kwa nini? Kukusanya ni kazi ya mwanafunzi?"

Nikaanza kueleza jinsi programu zote duniani zilivyotengenezwa. Akanikatiza kwa kiganja.

"Kwenye karatasi, mtoto anaandika, mimi nakusanya. Nyinyi mmechukua kazi yangu mkampa mtoto, hamkumwambia, na mimi hamkuniambia. Rudisha. Weka kitufe moja, kwa meza yangu. Nikisema mikono juu, nabonyeza mimi, inakusanya yote."

Nilikaa nalo siku chache. Halikuwa gumu kuliandika. Ugumu ulikuwa kuliona. Mpaka leo chumba chetu kinafanya kazi hivyo. Mwanafunzi akiinua mikono, kioo chake huandika "Imepokelewa" bila yeye kugusa kitu, na mashine haizimwi mpaka neno hilo lionekane kwenye kila kioo. Mkibadilisha programu, na mtabadilisha, hilo msilipoteze. Jueni kila kazi ndogo ambayo karatasi ilikuwa inamfanyisha mtu, na muulize imehamia kwa nani.

Matokeo yalitoka asubuhi. Mtahini wa chuo kingine hakutoa alama yoyote kwa sentensi ile, na ndivyo ilivyopasa. Alama za mengine zilitosha, kwa kuzidi kidogo tu. Furaha alisoma namba yake ukutani, akaisoma tena akifuatisha kwa kidole, kisha akaja chumbani kwetu na kumpigia mama yake. Kelele za soko zilisikika kwenye simu, halafu sauti ya mama, halafu sauti za wanawake wengine wengi ambao hatukuwajua. Yule wa Bunia akapata utani wake: "Leo Kalerwe sombe ni ya bure. Tukimbie."

Niliwaacha wacheke. Walipotulia nikamwita pembeni, kwenye benchi la ukumbini. Nilikuwa nimeyazuia maneno yale kwa muda mrefu kuliko nilivyozoea.

"Furaha. Mtoto yule apewe kwanza nini?"

Hakufikiri. "Maji, papa. Maji ya chumvi kwenye mshipa, polepole. Insulini inangoja. Ukitanguliza insulini, unamwua."

Mimi si daktari, lakini nilikuwa nimekwisha kusoma sura hiyo kitabuni, mara mbili. Nikapanda ngazi mpaka ofisi ya Dakta Mugerwa. Nilibisha, nikaingia, nikamwambia kwamba binti alikuwa anajua.

"Maji," akasema bila kuinua kichwa. "Nilimwuliza asubuhi, alipokuwa bado pale ukutani." Kisha akatabasamu kidogo, kwa tahadhari. "Akanijibu kwa subira sana. Akasema Sista Nalwoga alikuwa ameshamwuliza langoni."